Mkutano Usio na Kungwi

Bungu

Zena,

Funga mdomo wako kwanza, ndipo usome. Nimepata habari kwa mwenye boti kwamba umesimama pale Salale mbele ya wanunuzi wa kamba, ukasema ati dada yako amekwenda kuchezesha ngoma ya ndani barabarani, malori yakipita. Ulikuwepo? Uliniona? Umri wote huo na bado unayabeba maneno mabichi na kuyapakulia watu. Aibu yako.

Haya, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuileta. U mzima? Kifua kimepungua? Mmeshatoka madunguni huko mpungani au bado mnaamia ndege? Mimi goti ndilo linanisumbua, mengine namshukuru Mungu. Rukia, mjukuu wangu niliyemfuata huku kumkanda alipojifungua, ana nguvu sasa, na mtoto ameanza kukamata vidole vya watu.

Simu sikupiga kwa makusudi. Wewe simu unaiweka sauti kubwa, anayeitikia ni jirani wa nyumba ya tatu. Naandika kwa mkono wangu, kwa darasa la pili langu hili hili, na unajua ninavyotoka jasho, kwa hiyo usome mpaka mwisho. Barua hii ikukute hujaanza kumfunda mjukuu wetu Salma kwa ajili ya harusi yake. Kama umeanza, acha.

Ilikuwa hivi. Rukia na wenzake wa hapa Bungu walitaka kuwaita wanawake wazungumze mambo ya mwili na ya kitandani. Nikafurahi. Nikasema, sasa mmewakumbuka wenye kazi yao. Mimi nimefunda wanawali toka Salale mpaka Nyamwage, hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao. Nikafua kanga zangu za kazi, nikamwuliza Rukia, "Nianze na lipi?"

"Bibi, hufundishi."

"Nani anafundisha?"

"Hakuna."

"Ratiba iko wapi?"

"Haipo. Kila atakayekuja ataandika kwenye karatasi jambo lake analotaka lizungumzwe. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Tunabandika ukutani, watu wanachagua, wanajigawa kwenye mikeka. Mkutano ni wao wenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye mwenye mkutano. Unafungua kwa dua, na muda wa kubadilisha mikeka ukifika unagonga debe."

Zena, mwenye mkutano hafundishi neno, anagonga debe! Hiyo si ndiyo kazi tunayofanya mpungani kufukuza ndege? Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka, akanipa debe.

Tulikutana kwenye ghala la korosho, maana msimu bado na ghala ni tupu. Vumbi la magunia limebaki, mtu anapiga chafya katikati ya jambo la aibu. Walikuja wengi kuliko mikeka. Wake za watu, wajane, wauza chai wa stendi, mpaka binti wa Mhindi wa duka la vitambaa, naye ana mume na watoto, akavua viatu akakaa chini na sisi. Karatasi zikajaa ukutani juu ya tangazo la bei za korosho za msimu uliopita. Moja imeandikwa, mume wangu amechoka, mimi bado. Nyingine inauliza, nikikoma hedhi ndiyo basi? Nikasema astaghafirullah, nikaisoma mara ya pili.

Na wana sheria yao. Ukiona ulipokaa hupati kitu wala hutoi kitu, unanyanyuka, miguu ikupeleke mkeka mwingine, na anayeachwa asinune. Niliisikia ikitangazwa. Nikadhani ni ya vijana wao kwa wao.

Nami nikabandika karatasi yangu: Adabu za mke. Wakakaa kumi na mmoja. Nikaanza kama tunavyoanza, taratibu, sijafika hata kwenye kumpokea mume mlangoni, mmoja akanyanyuka. Halafu wa pili.

"We binti, unakwenda wapi nami nasema?"

"Nisamehe bibi, ni miguu hiyo."

Bila haya! Wa tatu, muuza chai, akakunja kanga yake, akasema, "Bibi, hayo tulifundwa. Tumekuja na yale ambayo hatukufundwa." Wengine wakamfuata. Nikabakiwa na kikongwe mmoja, nikasema moyoni, huyu ndiye mwenye malezi. Kumbe amelala.

Unanijua. Toka nizaliwe sijaachwa nikisema. Nikachukua debe langu nikawafuata, nikawagombeze mmoja mmoja.

Walikuwa wamejazana mkeka wa nyuma, karibu na mizani. Anayesema amenipa mgongo, lakini sauti naijua. Hadija. Yule tuliyemfunda pale nyumbani, mimi nikisema na wewe ukipiga ngoma, akaolewa Nyamwage, kumbe wamehamia huku. Anasema polepole, kama mtu anayetoa mwiba: "Tangu niolewe naumia. Si siku ya kwanza tu, siku zote. Somo wangu aliniambia mwanamke akaze meno, asiseme, ndiyo heshima yake. Nami namheshimu somo wangu. Nimekaza meno miaka kumi na moja. Nawauliza nyie wenzangu, na nyie mnaumia?"

Mmoja akasema, "Mimi pia." Mwingine akasema, "Mimi hapana. Kumbe kuna wanaoumia?" na alishangaa kweli. Binti wa duka la vitambaa akasema hata kwao huambiwa wanyamaze. Alikuwepo muuguzi, amekaa chini kama wengine, akasema maumivu ya miaka yote hiyo si adabu, yana sababu yake, yanapimwa, na mengi hutibika. Akasema atampeleka Hadija hospitali yeye mwenyewe, na mume naye aitwe aelezwe.

Muda wa debe ukafika. Rukia ananipungia mkono, "Bibi, gonga!" Sikugonga. Wakaendelea mpaka jua likahamia mlango wa pili wa ghala.

Ndipo Hadija akageuka. Kuniona tu akapiga magoti, kanga usoni. "Shikamoo, somo."

"Marahaba. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema mwali haulizi."

Nilisema, Zena. Kwa mdomo huu.

Sasa sielewi. Kama nilimfunda vizuri, mbona anaumia? Kama nilimfunda vibaya, mbona amenipigia magoti mbele ya watu? Rukia anasema mkutano umefana, ati nimeuendesha vizuri. Nimeendesha nini? Nimeachwa, nimesimama, debe lenyewe sikugonga. Wanataka niufungue tena mwezi ujao. Debe wameniachia, liko chini ya kitanda, kila nikiinama kutafuta ndara naliona. Na usikimbilie kwenye boti kusema Mwanahawa ameitupa mila. Sijaitupa. Adabu ipo. Sijui tu inaishia wapi na kunyamaza kunaanzia wapi.

Na nikuulize jambo ambalo hatujaulizana. Tumelala kitanda kimoja mpaka tukaolewa, tumezalishana watoto, tumezika waume. Wewe ulikuwa unaumia? Mimi nilikuwa naumia. Hapo usisome kwa sauti.

Msalimie mke wa kaka yetu, mwambie ungo wangu aurudishe pale alipoutoa. Msalimie mama yake Salma, binti yangu, asiniletee machozi, harusi iko pale pale. Msalimie fundi wa mitumbwi, mkwe wako, na wajukuu wote wanaoniita bibi mkali. Mwenye boti aliyekuletea barua mpe chai.

Halafu fanya hivi. Jioni hiyo hiyo ukiipata, ngoma itundike ukutani. Mfunue Salma kanga kichwani, mkalishe kitini usawa na wewe, si chini. Mwulize yeye ana nini cha kuuliza. Kisha nyamaza, Zena, unyamaze kabisa mpaka amalize, hata kama kutakucha.

Dada yako mkubwa,
Mwanahawa