Kitenzi Kilichomponza Kimya

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumapili asubuhi, tarehe tisa.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U hali gani huko? Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka kuliko ugonjwa wenyewe, bado unaitumia? Na wajukuu, mafua yamewaachia?

Sisi huku wazima. Dada yako, mama yetu, presha imeshuka, na jana alimaliza sahani nzima akaomba kuongezewa. Nakuambia mapema ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia: mambo yamekwisha, na yamekwisha vizuri. Kimya amesafishwa jina.

Siku ile nilipokupigia simu nililia tu, sikuweza kukueleza kitu kikaeleweka. Ngoja sasa nikueleze taratibu.

Unajua mdogo wangu ni fundi wa lifti, na unajua jina la Kimya hakulipata bure. Maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Mwezi uliopita lifti ya jengo analolihudumia iliporomoka ghorofa mbili. Ndani alikuwemo mshonaji mmoja mwenye chumba cha kazi ghorofa ya sita, akavunjika mguu. Kampuni ikamsimamisha Kimya kazi siku hiyohiyo. Wakamhoji, karani akaandika maelezo yake kwa Kiswahili, kisha akayatafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya wakubwa wanaokaa mbali, wasiojua lugha yetu.

Wiki moja baadaye alikuja kwangu na barua mkononi.

"Dada, nisomee. Hapa naona jina langu tu."

Nikaisoma. Iliandikwa kwamba fundi "admitted", yaani amekiri, kuwa alijua breki zimelika. Akipatikana na kosa atafukuzwa, kisha atapelekwa mahakamani.

"Umekiri?" nikamuuliza.

"Nikiri nini?"

"Hapa wameandika umekiri."

Alinitazama tu, na mimi, Mungu anisamehe, nikaiamini karatasi. Miaka kumi na minne nafundisha Kiingereza, nimezoea kudhani kilichochapwa ndicho sahihi. Nikaanza kumfokea kama mtoto: unajua lifti mbovu, unaachaje watu wapande? Akachukua kofia yake akaondoka.

Siku mbili hakupokea simu zangu. Siku ya tatu nikapiga moyo konde, nikaenda kampuni kuomba maelezo ya Kiswahili. Karani, mama mmoja mpole, akanitolea nakala bila maswali. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Fundi ametamka wazi kwamba alijua breki zimelika na kwamba alimwarifu msimamizi wa jengo."

Kitenzi ni kimoja tu, ametamka, kimebeba mambo yote mawili. Lakini kwenye Kiingereza kilikuwa kimepasuliwa. Pale panapomuumiza wakaweka "admitted". Pale panapomwokoa wakaweka "claimed", yaani anadai, na msomaji yeyote wa magazeti anajua kwamba anayedai ni mtu ambaye hatujamwamini bado. Mdomo mmoja, pumzi moja, nusu yake ungamo na nusu yake porojo! Sidhani karani alikusudia ubaya. Alikuwa na haraka na kamusi ndogo.

Nilikaa kwenye benchi la mapokezi nikalia tena, safari hii kwa aibu. Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Kimya. Nilimkuta anatengeneza pasi ya jirani.

"Nimekukosea," nikamwambia.

"Umesoma ya Kiswahili?"

"Nimesoma."

"Basi kaa." Akanisogezea kiti, akaendelea na pasi yake.

Kikao cha kampuni cha kumsikiliza kilikuwa Jumanne, kwenye jengo lile lenye lifti, na msimamizi naye aliitwa. Watu watatu meza moja, mwenyekiti ni mwanasheria wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Waliniruhusu nizungumze kama ndugu yake. Nilikuwa nimeandika orodha ya vitenzi vizito vya kusema jambo kwa uthabiti, na moyoni nilitaka kile kizito kuliko vyote. Nikawaeleza kosa lilipo. Mwenyekiti akasoma karatasi zote mbili, akazirudia.

"Wewe mwalimu ungeandika nini?"

"'Insisted'," nikasema. "Alisisitiza."

Akatikisa kichwa. "Anayesisitiza ni mtu anayebishiwa. Siku ya mahojiano kuna aliyembishia?"

Nikamtazama Kimya. "Hakuna," akasema. "Walikuwa wanaandika tu."

"Basi hata wewe, mwalimu, unatia chumvi."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikarudi kwenye orodha. "Maintained", yaani alishikilia, nayo inataka mpinzani. "Declared" ni ya anayetangaza vita au matokeo ya uchaguzi. "Asserted", yaani alisema kwa kujiamini, ni ya mtu aliyetanguliza kifua, na mdogo wangu, Mjomba, unamjua, hicho kifua chenyewe hana. Nikabaki na "stated", ametamka, mahali pote pawili. Neno kavu, lakini halimpendelei mtu wala halimchongei. Mwenyekiti akaliandika kwa kalamu yake mwenyewe, akaisoma sentensi upya kwa sauti.

"Kumbe hakuna ungamo hapa," akasema. "Swali ni kama msimamizi aliambiwa. Mbona hatukumuuliza mtu?"

Mjumbe mmoja akajibu chinichini kwamba waliona fundi ameshakiri, wakadhani limekwisha.

"Nani mwingine alikuwepo ulipomwambia?" mwenyekiti akamuuliza Kimya.

"Mama wa usafi. Alikuwa anapiga deki ngazi."

Wakamwita. Akaja na aproni yake, mikono ina povu.

"Nilikuwepo," akasema. "Alimwambia, 'Bosi, zima hii lifti leo, breki zimekwisha.' Bosi akasema asubiri wageni wa mkutano waondoke. Ufunguo wa swichi kuu si anao bosi mwenyewe, fundi angezimaje? Nakumbuka vizuri, maana sijawahi kumsikia huyu fundi akisema maneno mengi vile."

Msimamizi alikuwa amekaa karibu na dirisha. Akajifuta uso kwa kiganja. "Ni kweli," akasema. "Aliniambia." Nilimwonea huruma, Mjomba, ingawa sikutarajia.

Alhamisi barua ikaja: Kimya hana kosa, Jumatatu anarudi kazini. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Yule mshonaji anatembea kwa magongo, na plasta itatolewa karibuni. Kimya alipokwenda kumjulia hali, mshonaji akamwambia, "Wewe ndiye uliyetaka izimwe? Basi uitengeneze wewe. Akiigusa mwingine, mimi nitapanda ngazi."

Jana Kimya alishinda hapa. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea siku ile nilipomfokea.

"Wao niliwaambia," akasema. "Kwako wewe, dada, nilidhani sina haja ya kusema."

Nilimshika mkono tu, naye akauacha ndani ya wangu.

Nisalimie sana binamu yangu Mrefu, na yule wa kucheka, na majirani zako wote wanaotuulizia. Mama anasema goti lisiwe kisingizio, uje. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na miguu ya kukuleta kwetu.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,

Mwalimu