Kobe Anayekumbuka Njia ya Jana

Duluth, Alhamisi

Kaka Anders,

Kadi yako ya Krismasi ilifika Februari, kwa hiyo nami sina haraka. Theluji bado inafika magotini. Darasa langu limepata roboti sita wadogo wenye umbo la kobe. Mtoto anabonyeza vitufe vya mishale mgongoni mwa kobe, mbele, mbele, kulia, na kobe anakwenda.

Jana kobe wa mwanafunzi wangu Linnea alinitoa jasho. Alielekezwa dirishani, lakini alikwenda mlangoni kwanza, ndipo akageuka. Mara tatu! Nikabadilisha betri, nikasafisha magurudumu, nikaanza kumlaani aliyetuuzia.

Linnea akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, hajaharibika. Hatukubonyeza kitufe cha kufuta njia ya jana. Anaanza na njia ya zamani, maskini."

"Kumbe ulijua?"

"Nilikuwa nasubiri umalize na betri zako."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Saa tisa nikaondoka kwenda kwangu, nikajikuta nimeegesha gari mbele ya nyumba ya Baba. Yule mama tuliyemuuzia akatoka na koleo la theluji, akaniuliza kama nimepotea. Ni mara ya nne tangu tumzike Baba.

Najua hukutaka tuiuze, na nilikuita mkaidi mbele ya watu. Kitufe cha kufuta nakijua kilipo, Anders. Sitaki kukibonyeza kabla hujaja, tukaipita njia ile pamoja, hata mara moja tu.

Mkaidi mwenzako,
Kirsten