Presha ya Meneja

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumamosi, baada ya chai

Mpendwa kaka,

Hujambo huko? Wifi na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimetulia, au bado unakohoa na kusingizia baridi? Sisi wazima, ila kichwa changu kinazunguka, na sababu ni mbwa wako.

Meneja aligongwa na pikipiki pale kwa fundi viatu. Usishtuke, soma mpaka mwisho. Daktari wa mifugo alisema damu imevilia ndani ya fuvu, presha imepanda kichwani, lazima atoboe aitoe. Angempiga nusu kaputi ya mshipani, kwani huutuliza ubongo na kushusha presha. Ila mezani kulikuwa na mgonjwa mwingine, tukasubiri sana. Shangazi alikuwepo, yule yule anayemwita Meneja "mdudu wenu". Nikamwachia Meneja pale kwenye benchi, nikaenda kutafuta maji.

Zamu yetu ilipofika daktari akampima mguuni, akakunja uso. Presha iko chini mno. Mimi nikafurahi, si ndiyo tunayoitaka? Akasema, "Ya kichwa tunaishusha, ya damu tunaishikilia. Ya damu ikianguka, ubongo unakosa damu. Na dawa hii ya usingizi huangusha zote mbili."

Akauliza mbwa kapewa nini. Nikaapa hajapewa kitu. Shangazi akasema toka mlangoni, "Nimempa kidonge changu, kwenye mkate. Si mlisema presha?"

Jamani, nilitaka ardhi inimeze. Daktari hakugomba. Alimtundikia dripu kwanza, akangoja damu irudi mwendo wake, ndipo akaisukuma dawa ya usingizi polepole, macho kwenye mashine, kisha akatoboa akaitoa ile damu. Nilimuuliza tena ipi juu ipi chini. Akanieleza vizuri, nikaitikia kwa kichwa, na sikuambulia kitu. Niliogopa tu, kaka. Nilikuwa nawaza nitakuandikiaje.

Meneja ameamka. Bado anatembea upande upande na kugonga stuli, lakini nikilitaja jina lako mkia unacheza.

Shangazi kanikataza kukwambia. Lakini jana nimeiona pakiti yake kwenye mkoba: tupu. Kile kidonge kilikuwa cha mwisho, na yeye siku ile hakumeza kitu. Miaka yote hii anamfukuza kwa ufagio! Presha sijaielewa, na shangazi ndiyo kabisa.

Msalimie wifi, wabusu watoto, Mungu awafunike huko mliko. Shangazi anakusalimu. Amekaa mlangoni, Meneja kamlalia miguuni, naye hataki kuinuka asije akamwamsha.

Mdogo wako akupendaye, hata akichanganyikiwa,
Dada yako, huku nyumbani