Fundi Breki, Uliyekataa Kuachia Usukani

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotoka nyumbani na usukani wa basi kwapani, ukamwambia Mama akuwekee chai kwenye chupa isipoe, ukaenda kazini, usirudi. Jioni Mama aliivurumisha chupa ile ukutani, chai na vyote. Doa lipo mpaka leo. Tumepaka rangi ukuta mzima tukaliruka.

Tunakuandikia sisi watoto wako kwa niaba ya nyumba nzima, na hatutakudanganya kwamba tumekaa kwa amani. Tangazo hili nusura litoe roho ya mtu. Tulipofika pale pa kutaja wanaokukumbuka, Bibi, mama yako mzazi, alisema yeye ana wana wawili na wote wawili watatajwa: wewe uliyekufa, na mdogo wako uliyemlea, aliyekuua. Mama akasema jina hilo likiwekwa karibu na lake, atalitafuna gazeti zima mbele za watu. Ilivyoisha tutakueleza. Lakini kwanza tukuseme wewe kidogo, maana leo ni siku yako.

Wanaosoma haya bila kukujua wajue kwamba ulikuwa fundi wa mabasi ya shule. Ulilala chini ya magari miaka mingi mpaka mgongo wako ukazoea saruji kuliko godoro. Kitandani ulikuwa ukigeukageuka usiku, Mama akikusukuma na kusema, “Si ushuke chini ulale unakopenda?”

Basi likiwa bovu hukubishana na mtu. Ulifungua nati ya katikati ya usukani, ukaung'oa, ukaja nao nyumbani. Bila usukani hakuna dereva, hata awe bingwa. Mama akikuona mlangoni aliuliza, “Leo umetuletea mgeni gani?” Nawe ulijibu, “Namba nne. Springi imekatika. Atalala hapa.” Mgeni akapandishwa juu ya kabati la vyombo, na asubuhi unaondoka naye. Hukuwahi kuuficha usukani. Ulikaa nao kwenye benchi la gereji, umeupakata mbele ya kila mtu, mpaka kifaa kipya kiletwe.

Kabla mgeni hajapandishwa kabatini tulimwendesha sisi. Kochi lilikuwa basi, na mguu wako ndio ulikuwa pedali ya breki. Tukiukanyaga, ulifanya “sss” na basi likasimama. Tukisahau kuukanyaga ulitubwaga sote sakafuni, mkubwa kwa mdogo, ukasema, “Haya, mmekufa. Pandeni tena.” Mdogo wetu wa mwisho bado ana kovu kwenye kidevu. Analipenda sana.

Hatutakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulikuwa mkali, na mkono wako ulikuwa mwepesi. Madereva wanapenda kusema ajali haina kinga, na neno hilo lilikuwa likikupandisha mori. “Ina kinga! Inaitwa breki!” Yule dereva aliyetaka kutoka na tairi lililokwisha mpaka nyaya zikaonekana, ulimshika ukosi, ukamgandamiza uso kwenye lile tairi na kumwambia, “Soma! Soma hapo pameandikwa nini!” Maskini alizunguka na mikwaruzo shavuni kama aliyegombana na paka. Dirisha la msimamizi wa usafiri nalo ulilipitishia nyundo siku aliyokuita mwoga. Tangu hapo alihamishia meza yake upande wa pili wa ofisi. Ulimlipia kioo, ila pole hukumpa.

Na ulikuwa na pengo. Jino la juu, katikati kabisa. Mdogo wako alilitoa kwa ngumi mkiwa bado watoto, mkigombea kusukuma ringi ya baiskeli. Ukiwa chini ya basi ulipiga mluzi kupitia pengo hilo, na mafundi walijua: mluzi ukikatika, umeona ubovu.

Huyo mdogo wako sisi tulimwita Baba Mdogo, wenzake walimwita Honi, kwa sababu kila jioni akipita mbele ya nyumba yetu na basi tupu alipiga honi mpaka vyombo vikatetemeka. Wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha. Wewe ndiye uliyemwombea kazi. Bibi alikuwa akiwatania, “Mimi nimezaa Breki na Honi. Injini sijui kaibeba nani.” Mligombana tangu utotoni hadi uzeeni. Mligombania mpira, mchuzi, zamu ya kumpeleka Bibi hospitali. Mlichaniana mashati, kisha mkakaa sahani moja, kila mmoja akimsogezea mwenzake kipande cha nyama bila kumtazama usoni.

Gereji nzima ilikuwa imewazoea. Mkianza kushikana, mafundi walisema, “Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime,” wakarudi kwenye spana zao. Methali hiyo ilikuwa ya kweli miaka yote. Siku moja tu haikuwa ya kweli.

Siku hiyo lilikuwa basi namba saba, la Honi mwenyewe. Bomba la mafuta ya breki lilikuwa limeoza linavuja, na ukikanyaga pedali inazama hadi sakafuni. Usukani ulilala kwetu juu ya kabati. Bomba jipya lilikuwa liletwe mchana, lakini msimamizi alitaka basi litoke asubuhi ileile. Watoto walikuwa wanangoja vituoni, na mabasi mengine yalikwisha ondoka. Akamwambia Honi, “Basi lisipotoka, utatoka wewe. Na usirudi.”

Honi akakufuata kwenye benchi.

“Kaka, nipe usukani. Nitakwenda polepole. Kwenye mteremko gia itanishika.”

“Gia haijui watoto.”

“Kaka, nafukuzwa kazi!”

“Fukuzwa. Utakula kwangu. Ukiua watoto utakula wapi?”

Akaushika usukani akavuta, nawe ukavuta. Mkaanguka chini wote wawili, usukani katikati yenu. Ukampiga kichwa cha pua, damu ikamruka mpaka kwenye kola. Akakupiga goti la mbavu. Mafundi wakacheka, mmoja akauliza leo ni raundi ya ngapi, mwingine akasema habari ya jembe. Honi akakuvuta miguu, akakuburuta kwenye mafuta machafu, na wewe umekumbatia tu, huachii. Akakukanyaga vidole. Hukuachia. Ndipo alipookota spana ya magurudumu, kile chuma kirefu kama mkono wa mtu, akakupiga nayo kwenye mkono ili ufunguke. Mfupa ukavunjika, wote wakasikia. Kicheko kikakatika, lakini hakuna aliyesogea, kwa sababu hakuna aliyeamini. Akakupiga tena, akilia, akisema, “Achia, Kaka! Achia basi!” Wewe ukajikunja uufunike usukani kwa kifua. Pigo lililofuata alilielekeza kwenye kiwiko. Lilikuta kichwa.

Mafundi walipoona damu inakutoka sikioni, wakamrukia Honi kwa mabomba na nyundo. Hakujitetea. Kilichofuata hapo kilisemwa mahakamani, lakini Mama hakukanyaga mahakamani, na nyumbani alipiga marufuku kesi hiyo isitajwe. Aliyefungua mdomo alirushiwa chochote kilichokuwa karibu. Shangazi, dada yako, aliwahi kukwepa pasi ya mkaa.

Ulikata roho mchana, hospitalini. Wauguzi walilazimika kukubandua kidole kimoja kimoja kutoka kwenye usukani. Polisi walipeleka mtu wao kulikagua namba saba. Akakanyaga pedali, ikazama, akashuka. Watoto wa basi lile walirudi makwao wamenuna kwa kukosa shule. Wamenuna, Baba, wakiwa wazima wote. Na Honi akafungwa kwa kuua bila kukusudia.

Sasa tukueleze kilichotokea juzi tulipokaa sebuleni kuandika maneno haya.

Bibi alikuwa kwenye kiti chako, fimbo mkononi. Shangazi ndiye aliyeanza.

“Wifi, damu nzito kuliko maji. Mwandikeni tu.”

“Damu?” Mama akasimama. “Unanifundisha mimi habari ya damu? Nani aliyefua lile ovaroli? Wewe?”

“Na mimi ni kaka yangu aliyekufa!”

“Basi nenda ukamkumbatie aliyemuua!”

Kigoda kikaruka. Kikampata Shangazi begani. Shangazi akamshika Mama kilemba, Mama akamshika Shangazi koo, wakaenda na meza, vikombe vikawavunjikia chini ya magoti. Tulijaribu kuwaachanisha, tukala makofi ya pande zote mbili. Bibi, na uzee wake wote, aliinuka akawacharaza wote kwa fimbo, analia na kuwaambia, “Niueni mimi! Nianzieni mimi niliyewazaa hao wawili!”

Fundi matairi aliingia katikati ya vita. Unamjua, yule mnene, mwenzako wa benchi moja. Alikuwa ameleta salamu za wenzako zitiwe humu. Akasimama mlangoni, akaona damu kwenye vikombe, akakunja mkono wa shati.

“Shemeji, nipige na mimi ukitaka. Lakini leo utanisikiliza.”

Mama alikuwa bado amemshika Shangazi. Pengine alichoka tu, hatujui. Hakumrushia kitu.

“Siku ile mimi nilikuwa na bomba la chuma,” akasema fundi matairi. “Sikufichi, nilitaka kummaliza Honi. Nilishampiga mgongoni, sasa nataka kichwa. Marehemu akajiburuta kwa mkono mmoja, usukani kwenye huo mwingine uliovunjika, akamlalia mdogo wake. Nikamvuta atoke. Akaning'ata. Akaning'ata mpaka bomba likanianguka. Halafu akasema, ‘Huyu ni wangu. Nikipona nitampiga mwenyewe.’ Basi. Hakusema tena neno jingine.”

Akauweka mkono wake juu ya meza iliyopinduka, mbele ya Mama. Kovu la meno lilikuwa limezunguka kifundo chote cha mkono, limekuwa jeupe. Meno ya chini yalikuwa yamekamilika. Ya juu yalikuwa na nafasi, katikati kabisa.

Mama alimwachia Shangazi. Akaweka kidole chake kwenye ile nafasi, akakiacha hapo. Baba, siku ya maziko yako Mama hakulia. Alisimama kaburini meno yameumana, tukaogopa kumgusa. Juzi ndipo alipolia. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja, akisema, “Pengo lake. Pengo lake hili.” Kisha akamkung'uta fundi matairi ngumi ya kifua. “Mwaka mzima unatembea na meno ya mume wangu, unanificha!”

“Ulinifungia mlango, shemeji,” akasema yule bwana, naye analia. “Mara ngapi?”

Mama akajifuta uso kwa kilemba kilichochanika. Akamwinua Shangazi, akamtoa vigae vya kikombe kwenye goti, polepole, kimoja baada ya kingine. Akamwomba Bibi akae. Halafu, bila kumtazama mtu, akasema:

“Mwandikeni.”

“Nani?” akauliza Shangazi, maana hakuthubutu kuamini.

“Huyo. Si mwenyewe kasema ni wake? Mimi ni nani nimwondoe? Lakini mimi sijamsamehe, na hilo nalo liandikwe.”

Limeandikwa, Baba.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, ambaye bado anawasemea wanawe kama wawili. Unakumbukwa na mkeo, aliyeshona mfuko kwa kitambaa cha ovaroli lako lile ili aweke humo spana zako ndogo. Unakumbukwa na dada yako, mwenye goti lililofungwa bendeji. Tunakukumbuka sisi watoto wako, tunaosimama kwenye kila mteremko tukisikiliza breki za magari ya watu. Wanakukumbuka mafundi wenzako, ambao siku hizi wakiona watu wawili wameshikana huacha spana zao wakawaachanisha, hata kama ni mzaha. Anakukumbuka fundi matairi, mwenye meno yako mkononi. Wanakukumbuka watoto wa basi namba saba, wengi wao bila kujua.

Na anakukumbuka mdogo wako Honi, dereva, aliyekupiga, aliye gerezani. Nyumbani humu wapo waliomsamehe na wapo ambao bado. Tumemweka hapa mwisho, kwa sababu ni wako, na tunamtunza mpaka ukutane naye umpige mwenyewe.

Kukusahau, Baba, hatuna uwezo huo.