Ulimi Uliochacha

Jumatatu, 6 Oktoba
Sampuli ishirini na mbili za kahawa leo, tumbo tupu. Aliyeshiba haonji vizuri. Waonjaji wengine hapa Kasese hutema kila kijiko. Mimi humeza. Kutema jasho la mkulima mbele ya macho yake kumenishinda miaka yote. Kifua kiliwaka hadi jioni. Nikala, nikanywa maziwa, nikalala.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimekataa magunia sita ya Mama Biira, mjane wa Maliba. Yamechacha. Ndiyo kahawa yake yote ya msimu. Anasema aliiosha vizuri, akaianika juu ya vichanja. Wote husema hivyo. Hapa ulimi wangu ndio unaoamua, na hauna undugu na mtu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Sampuli tano zimechacha kwa siku moja. Haijawahi kutokea. Labda mvua. Sauti inakwaruza. Naamka na maji makali kooni. Meneja aliuliza kama naumwa, nikakana. Mwonjaji mgonjwa nani atamwamini?

Jumatano, 15 Oktoba
Nimeonja maji ya kusuuzia kijiko. Nayo yamechacha.
Nikakaa chini. Naogopa.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nyumbani Bwera. Daktari ni mtu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, hana haraka. Anasema mlango kati ya tumbo na umio umelegea, tindikali inapanda mpaka mdomoni. Imeanza kula meno. Kahawa kwenye tumbo tupu, kulala nikiwa nimeshiba, yote nimejitakia. Hata maziwa yalikuwa yananidanganya: hutuliza kidogo, kisha tindikali huzidi. Ikiachwa miaka, umio hupata makovu na chakula hukwama. Kwa wachache huja saratani. Vidonge kabla ya kula, kichwa cha kitanda kiinuliwe, nisilale mpaka saa tatu zipite baada ya chakula.
"Na kahawa, papa, uache kwanza," alisema. "Ile kazi iko nakukula."

Jumatatu, 20 Oktoba
Nimemweleza meneja. Masika, niliyemfundisha mwenyewe, akaonja sampuli ya Mama Biira iliyobaki. Akatema. Akaandika: tamu, safi, daraja la kwanza. Kuonja sasa ni kazi yake. Mimi nitapima unyevu wa magunia. Aibu inachoma kuliko kiungulia.

Jumatano, 22 Oktoba
Nimepanda mlima hadi Maliba. Mama Biira alikuwa akipalilia maharage. Nikamwambia kosa halikuwa la kahawa yake, lilikuwa la kinywa changu. Ameshayauza magunia yote sita kwa mchuuzi wa njiani, kwa bei ya kahawa mbovu.
"Ulijua wewe iko mgonjwa?" aliuliza.
Nikasema nilijua kifua kinawaka, sikujua kuhusu ulimi. Hakunifokea. Akaingia ndani, akachemsha kiganja cha kahawa alichobakiza, akanipa kikombe. Nikamwambia nimekatazwa. Akakichukua, akakaa kizingitini, akainywa mwenyewe taratibu mpaka ikaisha.