Kwa Nashon, Dereva wa Gari Linalotangulia

Kasansa, Mpimbwe,
Mkoa wa Katavi.
9 Machi 2024

Mpendwa mjukuu wangu Nashon,

Nakusalimu sana. U hali gani huko ugenini? Usingizi unakuja? Ile malaria ya Januari imekuacha kabisa, au bado unaificha? Sisi tunaendelea. Magoti yangu hulalamika mvua ikinyesha, na mwaka huu inanyesha kila siku. Mkeo Hana, mke wangu niliyekuazima tu, hajambo. Amenenepa kidogo, na mimi hujisifu mbele za watu kwamba ni matunzo yangu.

Mpunga wa mbugani umesimama vizuri. Njia ya Kibaoni imekuwa tope tupu, mikokoteni haipiti tena bila mtu wa kuitangulia.

Rafiki yako Method, mnayelala naye hema moja, alifika Jumanne kutoka kwao Shanwe. Tulimchinjia jogoo. Jumatatu anarudi huko kwenu, na ndiye atakayekuletea barua hii, kwa kuwa umesema simu mnanyang'anywa mkienda kazini.

Alituonyesha picha yako katika simu yake. Umesimama kando ya dude la chuma lenye minyororo miguuni, na mbele lina meno marefu yaliyopinda.

"Guku, hili halina mzinga," akaniambia, maana naye sasa ananiita babu kwa Kisukuma. "Kazi yake kulima."

"Linalima nini?"

"Mabomu."

Mama yako akainuka, akaenda jikoni, hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

Mimi nilibaki nikiitazama picha. Unajua nilivyo na vitabu, hata tulipohama Maswa nilibeba sanduku la vitabu kabla ya godoro. Habari za magari haya nimezisoma. Katika vita kuu ya kwanza, vifaru vya Waingereza vilibeba matita makubwa ya fito juu ya migongo, vikayatupa ndani ya mahandaki ili vivuke, kama sisi tunavyotupa matete kwenye korongo. Vita ya pili wakafunga pipa lenye minyororo mbele ya kifaru, likizunguka na kuchapa ardhi ili mabomu yalipuke kabla ya kukanyagwa. Wengine wakabeba daraja zima, wakalikunjua juu ya mto. Baadaye, huko kusini mwa Afrika, wakatengeneza magari yenye tumbo lililochongoka kama la mtumbwi, ili mlipuko ugawanyike pembeni. Sasa ni hilo lako, plau la chuma linalosukuma mabomu kando ili wenzako wapite katikati.

Ni akili nyingi, sikatai. Lakini kila walipoongeza unene wa chuma, mtega bomu naye aliongeza baruti. Nilimuuliza Method kama hakuna ya kuendeshwa kwa mbali, bila mtu ndani. Akasema yapo, ila nyie hamjaletewa.

Halafu nikauliza kwa nini wewe, kati ya madereva wote. Method akacheka, akidhani ananifurahisha. "Si ni barua yako, Guku! Mkuu aliikuta kwenye faili, akatusomea wote."

Nashon, wakati unaomba jeshi nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Wenyeviti wenzangu huandika mistari mitatu: tunamfahamu, ana tabia njema, asaidiwe. Mimi na majivuno yangu ya kalamu nikaongeza aya nzima. Nikaeleza jinsi watu wa hapa wanavyovuka mbuga masika, kwamba mmoja hutangulia peku na mti mkononi, akipima tope, na mikokoteni yote hufuata nyayo zake. Nikaandika kwamba misimu minne mtu huyo ulikuwa wewe, na hakuna ng'ombe aliyezama. Nilitaka wajue wanampata mtu wa aina gani. Nao wakajua.

Mama yako alisikia yote. Jioni ile akaniwekea karatasi mezani. "Baba, uliyemweka pale ni wewe. Andika umtoe." Suzana hajawahi kuniamuru kitu tangu azaliwe. Nikaandika kwa mkuu wako kwamba nilitia chumvi, kwamba wewe ni wa kawaida tu, apewe mwingine hilo gari. Mama yako akaisoma mara mbili, akaniletea bahasha.

Asubuhi nikamwuliza Method, hivi, Nashon akishuka, nani anapanda?

Alikuwa anakunywa maziwa. Akapangusa mdomo. "Mimi, Guku. Ndimi ninayefuata kwenye orodha." Akanyoosha mkono. "Lete tu, nitaifikisha."

Hakusema kwa hasira. Ana watoto wawili, mmoja ndio kwanza anaota meno. Alinionyesha picha zao baada ya yako. Mkono wake ulikuwa umenyooka vile vile, nami nimeshika bahasha. Nimehama mara mbili maishani, nimezika ng'ombe na watu, lakini sijawahi kukosa la kufanya kama asubuhi ile.

Sikumpa. Nimeichoma nyuma ya zizi, mama yako akiwa shambani.

Kwa hiyo sina cha kukutumia, mjukuu wangu, ila kukwambia nilichokifanya, mara ya kwanza kwa kuandika na mara ya pili kwa kuchoma. Ukiniona sina huruma, una haki. Sikuombi uwe shujaa. Gari likikwama, kaa ndani usubiri wenzako. Usifungue mfuniko kwa ubishi wako wa Kisukuma.

Dada yako Faith anakusalimu, amefaulu mtihani wake wa uuguzi. Mzee Telesphor wa jirani, yule Mpimbwe mpishi wa pombe, anakusalimu na anasema amekuombea misa. Hana anakusalimu, amekaa hapa ananitazama nikiandika.

Mama yako anakusalimu sana. Amefurahi tangu juzi. Anaamini ile barua iko kwa Method, na kila jioni ananiuliza majibu ya mkuu huchukua siku ngapi.

Mungu akutangulie wewe unayewatangulia wengine.

Ni mimi, babu yako nikupendaye,
Guku Manyanda