Mama Nyanchera wa Sironga, Aliyemwambia Mkwewe Ageuke

Damu ya Gesare ilikataa kuganda. Hilo ndilo lililotupata mwezi wa tano mwaka 1968, na ndilo lililotufanya tukujue, Mama, kuliko tulivyokujua miaka yote ya nyuma. Mwaka umetimia tangu tukulaze kando ya migomba yako pale Sironga, Agosti ya 1977, na hatuwezi kukukumbuka bila kuanzia hapo.

Wasiokujua waambiwe kwa ufupi. Ulikuwa mganga wa mitishamba. Ulijua majani ya tumbo na mizizi ya kifua, na ulikuwa na pembe ya ng'ombe ya kuumikia. Ulichanja kidogo mahali panapouma, ukaweka pembe, ukafyonza, damu mbaya ikatoka. Watu walitoka Kiogoro kwa miguu kwa ajili ya pembe hiyo.

Mkweo Nehemiah, mume wa binti yako Gesare, alikuwa dresa wa zahanati. Aliacha shule darasa la sita, akafundishwa kufunga vidonda na kugawa vidonge, akajiona daktari. Wewe ulimwona mtoto anayecheza na chupa. Hamkuwahi kuambiana hayo, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Ndiyo heshima yetu, tunaiita chinsoni. Haingii nyumbani mwako, hakushiki mkono, hakutazami. Mkikutana njiani, mmoja hujitosa kwenye shamba la chai mpaka mwenzake apite.

Hata hivyo mlikuwa na njia yenu. Ukiwa na neno, ulimwambia binti yako mdogo Nyamusi, kwa sauti ya kufika barabarani: "Mwambie huyo mtu wa nje baiskeli yake imelalia mboga zangu." Naye anamjibu Nyamusi: "Mwambie Mama naiondoa." Nyamusi alikaa katikati akimenya ndizi, hafungui hata mdomo.

Gesare alipojifungua Bochaberi alikuja kwako apumzike. Wiki ya tatu mgongo ukamuuma, na kichwa. Jumapili Nehemiah alifika uani, akampa Nyamusi vidonge vya aspirini kwenye karatasi, viwili asubuhi na viwili jioni. Hakuuliza wewe umempa nini. Jumatatu ukamchanja Gesare mgongoni ukamwumika. Hukuuliza amemeza nini. Kila mmoja wenu aliona kazi ya mwenzake haistahili kuulizwa, na chinsoni ikawapa sababu nzuri ya kunyamaza.

Chale zako zilikuwa zikikauka kabla ya chai ya jioni. Safari hii, Jumanne mchana zilikuwa bado zinatiririka. Fizi nazo zikaanza kutoa damu. Ulibandika majani, ukabandika majivu, ukafunga kwa kanga yako, na kanga ikalowa.

Nehemiah alifika akitoka kazini, akasimama uani, mgongo mlangoni kama kawaida. Nyamusi alikuwa amekwenda mtoni. Hapakuwa na mtu wa kupitishia neno. Ukatoka na mikono yako ilivyokuwa, imejaa damu.

"Nehemiah."

Hukuwahi kumwita jina lake. Hakugeuka.

"Nehemiah, geuka unitazame. Mtoto wangu anakufa na wewe unatazama migomba."

Akageuka.

"Ulimpa nini?"

"Aspirini, Mama. Mpaka leo amemeza saba au nane."

"Hiyo aspirini hufanya nini kwenye damu?"

"Nilifundishwa kwamba inaweza kumtoa mtu damu. Nilisahau."

"Na mimi nilimchanja mara tisa," ukasema. "Niliona madoa mekundu miguuni mwake. Nikasema ni viroboto."

Mkweo husema mpaka leo kwamba hakuna mtu aliyewahi kukiri mbele yake kosa lake mwenyewe waziwazi vile, na upesi vile, bila kuzungukazunguka.

Mlimpeleka hospitali mjini Kisii kwa lori la majani ya chai, mmekaa wote wawili nyuma, Gesare katikati na mtoto mapajani mwako. Daktari akauliza kama kawaida yao: mgonjwa amepewa nini nyumbani? Wengi hapo huapa kwamba hawakumpa mgonjwa kitu, kwa kuogopa kugombezwa. Wewe ulisema, "Mimi nilimchanja. Huyu alimpa aspirini. Na nimemnywesha haya." Ukafungua kitambaa ukaweka majani mezani. Daktari aliyatazama majani, akakutazama wewe, akavuta kiti.

Abdikarim wa maabara, kijana wa mjini, ndiye aliyeihesabu damu kwenye darubini. Alitoka akawaeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba ndani ya damu kuna chembe ndogo mno ambazo kazi yake ni kuziba panapovuja. Katika tone dogo mtu anatakiwa awe nazo laki moja na nusu au zaidi. Gesare alikuwa na elfu nane. Mwili wake mwenyewe ulikuwa unaziua.

"Kwa hiyo mimi nilitoboa mtungi usio na fundi," ukasema.

"Na dresa akamfukuza fundi aliyebaki," Abdikarim akasema.

Walihitaji damu ya kumwongezea. Nehemiah akatoa chupa mbili kwa siku tofauti, Nyamusi akatoa moja. Ya nne ulitoa wewe. Nesi alipokuuliza kama unaogopa, ulimwambia, "Miaka ishirini na tano nimewatoa watu damu. Leo ni zamu yangu." Kisha ukafumba macho kama mtoto mpaka ikaisha.

Vidonge vya daktari vilipandisha hesabu, kisha ikaporomoka tena, ndipo wakamtoa bandama, kwa sababu huko ndiko chembe zilikokuwa zinakwenda kufia. Tangu hapo damu ya Gesare inaganda. Anachuma chai, anagombana na karani wa mizani, mzima.

Mliporudi, wazee walitaka kujua habari za uani na za lori. Ulitoa mbuzi wako mwenyewe. Mkweo alitaka amtoe yeye, ukamkatalia: aliyevunja heshima ndiye anayelipa. Mbuzi akaliwa, chinsoni ikarudi mahali pake. Ila ulitoboa tundu kwenye ukuta wa udongo wa jiko lako, ukubwa wa yai, na hilo ndilo likawa zahanati yenu kwa miaka tisa.

Kila Jumapili Nehemiah alikaa nje kwenye kigoda, wewe ndani na wagonjwa. Pembe uliizika nyuma ya choo. Watu wenye madoa walipokuja uliyabonyeza kwa kipande cha kioo. Yakififia, unatafuta jambo lingine. Yasipofifia, ni damu iliyovuja chini ya ngozi, unamwita.

"Mtu wa nje, upo?"

"Nipo, Mama."

"Nina mwanamke wa Nyansiongo. Madoa hayafifii. Fizi zinatoka damu."

"Amemeza nini?"

"Nimeshamuuliza, unadhani mimi ni wewe? Aspirini ya dukani, siku nne."

Nehemiah aliandika barua ya kwenda hospitali, akaipitisha kwenye tundu. Lakini barua haimtoi mtu nyumbani. Kazi hiyo ilikuwa yako. Ulimwambia mume aje, ukamkalisha, ukamweleza mpaka akaelewa. Waliporudi kutoka hospitali ulihakikisha vidonge vinamezwa jinsi vilivyoandikwa, ukawakataza mswaki wa mti watumie kitambaa laini, ukawakataza kupogoa chai kwa kisu. Ukawapikia uji wa wimbi, na mboga chungu ya kwetu, chinsaga. Hukusema kamwe kwamba uji huo unaponya. Ulisema unamtia mtu nguvu ya kungoja dawa. Majani yako ya zamani ulikuwa ukimtajia mtu wa nje kupitia tundu kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, na mengine mliyaacha.

Desemba moja baba mmoja alimleta mwanawe akaguliwe kabla ya kutahiriwa pamoja na wenzake. Kijana alikuwa akitoka damu puani, na miguu ina madoa. Ukasema hatahiriwi.

"Mama, wewe ni mganga au askari?" baba akauliza.

"Leo ni askari."

"Wenzake watamcheka."

"Acha wamcheke. Maiti hachekwi."

Alitahiriwa hospitali mwaka uliofuata, baada ya daktari kuridhika na damu yake. Alikuja kwenye mazishi yako akasaidia kubeba viti.

Si wote waliopona. Mzee Ogari wa Kiogoro damu yake ilikuwa na ugonjwa mkubwa kuliko dawa, na hospitali walisema hivyo waziwazi. Ulimpelekea uji mpaka siku yake ya mwisho, ukamchekesha. Hilo nalo lilikuwa tiba, ulisema, ingawa mtu wa nje hana jina lake kwenye daftari.

Tunakumbuka ulivyokataa kuvaa viatu hata kanisani. Tunakumbuka kuku wako waliokuwa na majina ya majirani. Daktari alipomshauri Gesare asizae tena, na watu wakaanza kumwambia Nehemiah aoe wa pili, uliita kwenye tundu: "Mtu wa nje, ukitaka mwingine sema, nikutafutie mwenye mdomo kama wangu." Alicheka mpaka kigoda kikaanguka. Hakuoa.

Tuko salama, Mama. Chai imekubali mwaka huu. Bochaberi ana miaka kumi na anajua kubonyeza doa kwa kioo. Tundu tumeliacha wazi.

Wanaokukumbuka ni binti zako Gesare na Nyamusi, mjukuu wako Bochaberi, ndugu yako Nyangau wa Nyansiongo, Abdikarim na jamaa zake wa mjini, na mkweo Nehemiah, ambaye ndiye aliyepewa kalamu. Hakuna siku itakayotufika bila wewe kutajwa katika nyumba hii.

Uhai wa Gesare uligharimu hivi: chupa nne za damu, bandama moja, mbuzi mmoja, pembe moja, watoto ambao hawakuzaliwa. Na mkweo, aliyekaa nawe Jumapili za miaka tisa, aliutazama uso wako mara mbili tu: siku ile uani, na siku ya jeneza.